Upande wa Dada Yake

Watoto wa Mubi hawajui kungoja chakula kipoe. Nilipoanza kazi kwenye garderi yetu ya kulelea watoto wadogo, chumba cha mbao nyuma ya kanisa, kando ya barabara ambako malori ya machimboni hupita yakiunguruma, jambo la kwanza lililonishangaza ni vile vidole vidogo vinavyoingia kwenye bugali unaotoa moshi bila hata kupuliza. Mimi ni mtu wa Ngungu, kule Masisi. Kwetu mlimani ni baridi, viazi hupoa vyenyewe kabla havijafika mdomoni, na mtoto akilia hupewa kikombe cha maziwa akatulia. Huku msituni ni joto, ni bugali wa muhogo, ni sombe, yaani majani ya muhogo yaliyopondwa na kutiwa mawese, na, siku njema, samaki wa kukaushwa aliyepondwapondwa ili aonekane mwingi. Mwanzoni nilikula shingo upande. Sasa mtu akininyima sombe tunagombana.

Kazi yangu ni kukaa na watoto, kuwaimbisha, kuwafuta makamasi, kuwalaza mchana. Lakini saa ninayoipenda ni ile ya kula. Wenzangu huitumia kupiga soga. Mimi huketi kwenye kigoda karibu na mlango, nikatazama. Yupo anayemaliza mboga yote kwanza, kisha anashangaa kwamba bugali umebaki peke yake, na kesho anafanya vilevile. Yupo anayemficha samaki chini ya bugali ili amkute mwishoni, na akimkuta hufurahi kana kwamba ni mtu mwingine aliyemwekea. Kuna msichana asiyeweza kumeza chochote kabla hajamlisha jirani yake, hata jirani akigeuza uso. Na kuna mtoto wa mwenye duka la vipuri vya pikipiki, mnene, mashavu kama mandazi, ambaye hula huku akinung'unika kama fundi aliyepewa kazi asiyoitaka, lakini haondoki bila kulamba sahani.

Hata kukua kwao mimi hukuona hapo hapo. Muuguzi wa kituo cha afya huja na mizani yake ya kuning'iniza na ule utepe wa rangi anaouzungusha kwenye mkono wa mtoto: kijani, vizuri; manjano, tumwangalie; nyekundu, twende naye kituoni. Sina ugomvi na utepe. Lakini kabla utepe haujasema kitu, mimi nimekwisha kuona kwamba mtoto aliyekuwa akikamata tonge kwa mkono mzima sasa analishika kwa vidole, na kwamba miguu iliyokuwa ikining'inia kwenye benchi imeanza kugusa chini. Mtoto hujenga mwili wake mbele ya macho yako na wewe unadhani anakula tu.

Sheria ya mahali petu ni kwamba kila mtoto ana sahani yake, na sahani ikiwa safi, mtoto hupigiwa makofi. Anayeongoza makofi ni mpishi wetu, mama mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Yeye chakula kikibaki hukasirika kama ametukanwa.

Mvulana ninayetaka kusimulia habari zake aliletwa mvua zilipoanza. Alikuwa hajafika miaka mitatu. Mama yake alipikia wachimbaji kwenye kibanda karibu na maegesho ya malori, na kila mtu alimwita Mama Mapasa, jina la heshima ambalo huku hupewa mwanamke aliyezaa mapacha. Kwa hiyo nilimtafuta wa pili mgongoni kwake. Hakuwepo.

"Mwingine iko wapi?" nilimwuliza.

"Iko Ngungu, kwa dada yangu mukubwa. Ni mutoto mwanamuke. Nitamuleta njia ikifunguka."

Niliposikia Ngungu nilimpenda hapo hapo, sioni haya kusema. Yeye mwenyewe ni wa msituni, upande huu wa Walikale, lakini aliwahi kuishi kwetu alikoolewa dada yake. Mume wake wa machimboni alipomwita Mubi, mvulana alikuwa mgonjwa na msichana alikuwa mzima. Hakuweza kuwabeba wote wawili kwenye pikipiki kwa njia ile, akambeba mgonjwa, akamwacha mzima mpaka maharagi yavunwe. Maharagi yakavunwa, na njia ikawa imefungwa na watu wa bunduki. Kwa nini ilifungwa, kila mtu wa huku anajua, na asiyejua amshukuru Mungu. Simu nazo Ngungu hazishiki mtandao. Habari za mtoto wake zikaishia hapo.

Siku ya kwanza mvulana alipowekewa sahani hakula. Aliitazama kwanza. Kisha akasimamisha kiganja chake kama kisu, akakipitisha katikati ya bugali, akaugawa. Mboga akaigawa vilevile, kwa kidole, polepole. Akala upande mmoja mpaka ukaisha, akaigeuza sahani ili upande uliobaki uelekee nafasi tupu kwenye benchi, akakunja mikono. Mtoto wa mwenye duka aliponyoosha mkono kuusaidia upande ule, aling'atwa.

"Huyu anaringa," mpishi alisema. "Chakula yangu haiko tamu?"

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Muuguzi alipokuja, utepe ulisema manjano. Alituambia tuhakikishe anamaliza chakula. Kusema ni rahisi. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikajifanya kutaka kula mimi. Alinikata jicho ambalo hata mzee wa kanisa hajawahi kunikata. Mwishoni nilipiga magoti mbele yake na kumwuliza ile nusu nyingine ni ya nani.

"Ya dada," alisema, kama mtu anayemweleza mjinga.

Jioni nilimweleza mama yake. Nilitegemea ahuzunike. Badala yake uso wake wote ulifunguka, akaniomba nimwonyeshe sahani. Ndipo aliponieleza mambo ya kwao. Kwao mapacha hupewa kila kitu pamoja: akishonewa mmoja, anashonewa na mwingine; akinyonyeshwa mmoja, mwingine haachwi anaangalia. Tangu walipoanza kula, yeye mwenyewe aliwapakulia kwenye sahani moja na kuigawa katikati kwa kiganja. Na mmoja akiwa mbali, fungu lake halitupwi wala halipewi mtu. Mama ndiye anayekula kwa niaba yake, ili riziki isikatike.

"Na banajuana, dada," alisema. "Mapasa banajuana. Akiendelea kumuwekea, iko muzima kule. Siku hatamuwekea tena, miye nitajua."

Mimi ni Mkristo na yeye ni Mkristo, tunaimba kwaya moja, na kwa mambo ya mizimu na mapacha mimi ni mgumu wa kichwa. Lakini sikubishana naye. Mwanamke aliyekatiwa njia na simu alikuwa amepata mahali pa kusoma habari za mtoto wake, na mahali penyewe ni sahani ya plastiki iliyopasuka ukingoni. Ningemwambia nini?

Tukafanya akili. Nilimwomba mpishi ampakulie mara mbili, ili nusu yake iwe chakula kizima. Alipiga kelele kuhusu unga, akapakua. Mvulana alitazama lile rundo, akaligawa katikati bila wasiwasi, akala upande wake wote. Fungu la dada nililitia kwenye bakuli lenye kifuniko. Mimi tu ndiye niliyeruhusiwa kuligusa. Mama Mapasa alipokuja kumchukua hakuuliza kama amelia, kama amelala, kama amejisaidia. Aliuliza, "Amebakisha?" Nikampa bakuli, akala akiwa amesimama pale mlangoni, tonge baada ya tonge, bila haraka. Nadhani siku nyingine hicho ndicho kilikuwa chakula chake peke yake, baada ya kuwapikia watu tangu alfajiri.

Mvulana akaanza kunenepa. Shingo ilijaa, sauti ikawa nzito kidogo, akajifunza kuruka kutoka kwenye ngazi. Na mimi kwenye kigoda changu nikaanza kuona jambo nililotamani nisilione. Ule mstari wa kiganja ulikuwa unahama.

Mwanzo nilidhani ni haraka tu. Bugali haukatwi kwa rula. Lakini siku baada ya siku kiganja kilishuka mbali kidogo na katikati, kila mara kuelekea upande wa dada yake. Akawa anamega kidogo kutoka upande ule, halafu anaacha. Akawa anamla samaki wake, anamtazama wa dada, anamtazama tena. Muuguzi aliporudi utepe ulikuwa kijani, akampapasa kichwa na kutusifu wote. Nilifurahi, lakini jicho langu lilibaki kwenye bakuli. Mama Mapasa naye alikuwa analipima bakuli kwa mkono kabla hajafungua kifuniko.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Mvua ilinyesha asubuhi, watoto walikuwa na njaa. Mvulana alipokea sahani, akatia mkono, akala. Hakugawa. Alikula kama wenzake wote wanavyokula, akichungulia nje lori lililokwama kwenye matope, na alipomaliza aliangalia sahani tupu kwa mshangao mdogo, basi. Mpishi akaona kabla sijamzuia.

"Amemaliza! Ule wa kubakisha amekula yote!"

Makofi yakalipuka. Watoto wote walipiga, wakapiga meza. Mvulana hakuwahi kupigiwa makofi tangu aje. Alisimama juu ya benchi, akacheka, akajipigia na yeye. Nilimpigia makofi pia, kwa sababu alikuwa akinitazama, na huku nilikuwa nataka kulia.

Bakuli lilikuwa pale kwenye rafu na kifuniko chake. Mpishi alipoelewa, kelele zote zilimwisha.

"Tia kidogo ya mu sufuria," aliniambia kwa sauti ya chini. "Atajua nini?"

Nilichukua mwiko. Bado bugali ulikuwapo, na sombe. Lakini kumjazia bakuli lile ilikuwa ni kumpa habari za mtoto wake ambazo mimi sina. Na nikisema kweli yote, niliogopa. Mimi mgumu wa kichwa, niliogopa kwamba labda kule Ngungu kuna kitu kimetokea. Niliurudisha mwiko.

Alikuja jioni, amelowa mpaka magotini.

"Amebakisha?"

"Leo amekula yote, Mama Mapasa. Amekula muzuri. Anakomaa, njo vile batoto beko."

Alilichukua bakuli hata hivyo, akafungua, akatazama ndani. Akafunika. Kisha akaketi chini, kwenye udongo ulio mbele ya mlango, na kuvuta kitambaa cha kichwani mpaka machoni.

"Mutoto yangu amekufa," alisema.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mtoto wa kiume ana njaa ya kiume, nilimwambia amesahau tu, kila nililolisema lilikuwa baya kuliko la kwanza. Hakulia. Kwao pacha haliliwi. Machozi ya mama yakimwangukia aliyebaki, naye atafuata. Kwa hiyo aliketi na macho makavu, mvulana amelala mapajani mwake ameshiba, na hali ile ilinitisha kuliko kilio chochote. Wanawake wa kwaya walikuja nyumbani kwake kukaa naye. Wengine walinena kwamba ni upuuzi, lakini walinena wakiwa wamekaa kwenye mkeka wake.

Nilichoweza kufanya nilikifanya. Bweremana, kando ya ziwa, ambako soko lilikuwa limefunguliwa tena juzi tu, yupo mchuuzi wa maharagi ambaye kaka yangu humpelekea mazao siku za soko, na huko simu zinashika. Nilimpigia, nikamsihi atume neno mlimani: kaka yangu amtafute yule dada mkubwa na ashuke naye, pamoja na mtoto, kama mtoto yupo. Hayo maneno ya mwisho nilishindwa kuyasema vizuri, akaniomba nirudie.

Tulingoja siku ya soko. Mvulana aliendelea kuja na kumaliza sahani yake. Mpishi aliacha kumpigia makofi, na yeye akawa anatutazama mmoja mmoja, haelewi amekosa nini. Hilo liliniudhi sana. Nikampigia makofi peke yangu.

Simu ililia watoto wakiwa wamelala usingizi wa mchana. Nilimwita Mama Mapasa kutoka kwenye kibanda chake, akaja akikimbia, mikono ina unga. Kaka yangu ana tabia ya kusalimia kwanza watu wote, ng'ombe, mvua na barabara. Nilimkatiza.

"Mutoto iko?"

"Iko hapa. Anakula biskwi yangu. Huyu mutoto anakulaka, wee! Mutuletee na unga."

Nilimwekea Mama Mapasa simu sikioni. Akaita jina la mtoto, mara nyingi, polepole. Kukawa na kelele za soko, na kisha kile kisauti, kikali, chenye mdomo uliojaa:

"Weye nani?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti mpaka watoto wote wakaamka. Alicheka katikati ya kilio, akajibu, "Miye mama yako," na upande wa pili mtoto alikuwa amekwisha kurudisha simu na kurudi kwenye biskuti.

Wanawake wa kwaya walisikia wakaja wakiimba, na mkeka nyumbani kwake ukakunjwa. Lakini yeye alibaki amekaa kwenye kigoda changu, na baada ya muda alisema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Iko muzima. Basi njo kusema bamesahauliana."

Nilikuwa nimeuona mstari ukihama na nilijua ni kweli. Sisi wa garderi tunafurahi mtoto akiacha kumlilia mama mlangoni. Tunafurahi akimaliza sahani ya wageni kama sahani ya kwao. Tunasema amezoea, anakua, na tunasema kweli. Lakini mtoto wa umri ule hawezi kubeba mtu asiyemwona kwa miezi mingi. Mikono yake ni midogo, ana mengine ya kushika. Huyu alikuwa amembeba dada yake muda mrefu kuliko nilivyotazamia kwa mtoto yeyote. Sikumlaumu. Niliumia tu.

Njia ilipofunguka, na hakuna aliyejua itabaki wazi mpaka lini, Mama Mapasa hakungoja. Alipanda lori la wafanyabiashara na kuniachia mvulana nyumbani kwangu. Nililala vibaya siku zote zile. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Masisi nilimsimamisha dereva, nikamwuliza habari za njia mpaka wakanizoea.

Walirudi mchana, saa ya kula. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mgongoni mwake msichana mnene wa maziwa na viazi vya kwetu, macho makubwa, anatazama kila kitu kama anayetaka kukinunua. Mvulana alimkimbilia mama yake, akamkumbatia miguu. Kisha akamwona msichana na kumtazama vile anavyotazama mtoto yeyote mgeni.

"Dada yako huyu," mama alisema.

Mvulana alirudi kwenye benchi.

Mpishi alikuwa ametafuta sahani kubwa kuliko zote, sahani moja kama ilivyo desturi yao, na samaki mzima juu yake, hakumponda. Nilimketisha msichana kwenye ile nafasi, nikaweka sahani katikati yao. Mama Mapasa alisimama karibu nami. Najua sote watatu, mpishi naye, tulikuwa tunangoja kitu kimoja: kile kiganja kisimame na kushuka katikati.

Mvulana aliivuta sahani kwake na kuizungushia mikono yote miwili.

Nilisikia Mama Mapasa akivuta pumzi kwa uchungu. Nilitaka kusema neno, lakini msichana hakunipa nafasi. Alipanda kwa magoti juu ya benchi, akapitisha mkono juu ya mikono ya kaka yake, akamnyakua samaki. Mvulana akapiga yowe, akamkamata nywele. Msichana akamng'ata bega bila kumwachia samaki. Bugali ukaenda chini, mboga ukutani, watoto wengine wakasimama kushangilia, mpishi akashika kichwa. Nikaruka kwenda kuwatenganisha.

Mama Mapasa alinishika kitenge kwa nyuma. Nilipogeuka alikuwa anacheka, uso wote umelowa, vumbi limekuwa matope.

"Acha, dada," alisema. "Acha bagombane. Sasa beko babili."